Mawazo mazito wakati wa vita: namna ya kutuliza moyo

Mauaji ya raia katika eneo la Beni yalizidi kuanzia Oktoba 2014. Mwisho wa Juni 2024, Kanyabayonga ikaanguka mikononi mwa M23. Kwa hiyo familia nyingi za Lubero, Butembo na Beni zinajua kukimbia. Hata mahali pa kufikia, usingizi unapotea, moyo unapiga sana, mambo waliyoona yanarudi usiku. Huo si wazimu wala uchawi. Ni mwili ambao bado unangojea hatari.

Kufukuza mawazo hakusaidii

Watu wanaambiana: "Sahau tu." Lakini wazo lenye kufukuzwa linarudi na nguvu. Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitoa mwaka 2020 kitabu chenye picha kinachofundisha njia ingine. Mti wenye mizizi hausimamishi upepo, lakini haung'oki.

Zoezi lenyewe

1. Taja kile kiko ndani: "Hii ni woga", ama "wazo la shamba langu limerudi".
2. Kandamiza miguu chini. Toa pumzi yote pole pole, kisha vuta ingine.
3. Rudi mahali uko. Tazama vitu vitano, sikiliza, gusa. Kisha endelea na kazi ya mkononi: kutwanga, kulima, kuongea na mtoto.

Mtu ajizoeze kila siku, hata wakati moyo umetulia. Lakini risasi zikilia, kwanza kukimbia. Zoezi ni la baadaye.

Lilijaribiwa jirani

Mafundisho haya yalijaribiwa kaskazini mwa Uganda, kwa wanawake 694 wakimbizi wa Sudan Kusini. Waliofundishwa walikaa vikundi, wakasikiliza sauti iliyorekodiwa, mara tano. Kisha miezi mitatu, mahangaiko yao yalikuwa yamepunguka kuliko ya wale ambao hawakuyafuata.

Wakati wa kutafuta msaada

Zoezi halimalizi vita wala halirudishi shamba. Linampa mtu nguvu ya kuangalia watu wake. Kama usingizi na kazi vimeharibika kwa wiki mbili ama zaidi, afike kituo cha afya. Na mwenye kuwaza kujiua asiachwe peke yake: ndugu ama jirani amsindikize siku hiyo hiyo.