Hewa Nyembamba na Joto la Mbano: Historia ya Uteuzi wa Intakula kwa Magari Madogo ya Supachaja, kwa Kurejelea Uwanda wa Kati wa Tanzania

Mji wa Dodoma umejengwa katika mwinuko wa takribani mita 1,120 kutoka usawa wa bahari. Vilima vya Chimwaga, ambako Chama Cha Mapinduzi kilifanya mikutano yake mikuu na ambako baadaye Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, viko mashariki ya mji huo. Gari linalopanda kuelekea huko huvuta hewa yenye kanieneo ya kama asilimia 88 tu ya ile inayovutwa na gari la aina hiyohiyo pwani ya Dar es Salaam. Dereva haoni tofauti hiyo kwa macho. Huihisi mguuni, pale anapokanyaga mafuta na gari likachelewa kuitika.

Miongoni mwa njia zilizobuniwa kukabiliana na upungufu huo ni kuibana hewa kabla haijaingia katika silinda. Hewa iliyobanwa, hata hivyo, hupata joto, na hewa yenye joto hutanuka na kupoteza sehemu ya faida iliyotafutwa. Hapo ndipo kinapohitajika kipoza-hewa, ambacho mafundi wa gereji hukiita intakula. Makala haya yanachunguza namna kifaa hicho kilivyoteuliwa katika vipindi mbalimbali vya historia, na kudai kuwa swali la ukubwa, ambalo wenye magari huliuliza kwanza, halikuwa swali la kwanza kwa wale waliofanikiwa. Swali lao la kwanza lilihusu mahali: gari litakwenda wapi, kwa mwendo gani, na katika hewa ya namna gani.

Supachaja ilizaliwa mbali kabisa na gari. Ndugu wawili, Philander na Francis Roots wa Connersville katika jimbo la Indiana, Marekani, walikuwa wakitafuta gurudumu bora la maji kwa ajili ya kiwanda chao cha sufu. Walichokipata kilisukuma hewa vizuri kuliko kilivyosukumwa na maji, na mwaka 1860 wakakipatia hataza. Kwa miaka mingi kifaa chao kilipuliza hewa katika matanuri ya kuyeyushia chuma. Mwaka 1905 Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo jingine, la kuizungusha pampu ya hewa kwa nguvu ya moshi unaotoka katika injini, na wazo hilo ndilo lililozaa tabochaja. Tofauti ya vifaa hivi viwili ina uzito wa pekee kwa mkazi wa uwanda wa juu. Supachaja huzungushwa na mkanda uliofungwa katika injini, hivyo kasi yake haibadiliki kwa sababu ya mwinuko. Tabochaja inaweza kuzunguka kwa kasi zaidi hewa inapokuwa nyembamba na hivyo kufidia sehemu kubwa ya upungufu.

Uhusiano wa mbano na mwinuko ulithibitishwa hadharani mwaka 1918. Mhandisi Sanford Moss wa kampuni ya General Electric aliipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kileleni mwa mlima Pikes Peak, Colorado, katika mwinuko wa takribani mita 4,300. Injini iliyotoa nguvu-farasi 350 katika usawa wa bahari ilitoa 230 tu kule juu. Ilipofungwa tabochaja, ilitoa 356. Jaribio hilo husimuliwa mara nyingi kama ushindi wa pampu, na ni sawa. Lakini kilele cha mlima ule kina baridi, na baridi hiyo ilikuwa msaidizi asiyetajwa. Uwanda wa Dodoma hauna msaidizi wa namna hiyo mwezi wa Oktoba.

Joto lilikuja kutambuliwa kuwa tatizo linalojitegemea pale mbano ulipoongezwa. Katika Vita Kuu ya Pili, injini ya Merlin ya Rolls-Royce ilipewa supachaja ya hatua mbili, na hewa ikawa inabanwa, kisha inabanwa tena. Bila kupozwa, hewa hiyo ingeyafanya mafuta yawake kabla ya wakati wake. Kwa hiyo wahandisi waliweka intakula inayopozwa kwa kimiminika, na mwaka 1942 ndege za Spitfire IX zikaanza kutumika vitani zikiwa na injini hiyo. Inafaa kuzingatia kwamba kipoza-hewa hicho hakikuongezwa baadaye kama pambo la nguvu. Kiliingia pamoja na mbano wenyewe, kwa kipimo cha joto ambalo mbano huo ulilizalisha.

Teknolojia hii ilipoteremka katika magari madogo ya Kijapani ya miaka ya 1980 na 1990, ilikuja ikiwa imefinywa. Injini ya Toyota ya 4A-GZE, yenye lita 1.6, ilikuwa na supachaja ya aina ya Roots na intakula iliyolazwa juu ya injini. Subaru ilikwenda mbali zaidi kwa udogo. Gari lake aina ya Vivio RX-R, lililoanza kuuzwa mwaka 1992, lilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 658, supachaja, na intakula iliyopata upepo kupitia tundu la boneti. Makubaliano ya hiari ya watengenezaji wa magari wa Japani yaliweka kikomo cha nguvu-farasi 64 kwa magari madogo, na Vivio ilifika hapo hasa.

Gari hilo dogo lina nafasi ya pekee katika historia ya Afrika Mashariki. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miongo kadhaa yakawa mtihani wa magari ambao viwanda vya Ulaya na Japani viliuogopa na kuutamani. Mwaka 1993 Subaru ilipeleka katika mashindano hayo, yaliyokuwa yakifanyika Kenya, magari ya Vivio yaliyoendeshwa na Colin McRae wa Scotland, Masashi Ishihara wa Japani na Patrick Njiru wa Kenya. Kwa kuwa kanuni za wakati huo zilizidisha ujazo wa injini zenye mbano kwa 1.7, Vivio ilihesabiwa kama gari la sentimita za ujazo takribani 1,119, ikaangukia kundi la A5. McRae alikwenda kasi ya kushangaza mwanzoni, kisha gari lake likashindwa kuendelea. Njiru alifika. Alimaliza wa 12 kwa jumla na wa kwanza katika kundi lake, katika mashindano ambayo Toyota Celica zilichukua nafasi nne za mwanzo.

Itakuwa ni kutia chumvi kudai kwamba intakula ndiyo iliyomfikisha Njiru. Aliyefika ni dereva anayeifahamu nchi yake. Hata hivyo, gari lake linathibitisha jambo moja: intakula ndogo iliyokaa juu ya injini, yenye njia fupi ya hewa, iliweza kuvumilia vumbi, joto na mwinuko unaozidi ule wa Dodoma, mradi mbano wenyewe haukuongezwa kupita kiasi.

Mfano mwingine wa Safari unaelekea upande huohuo. Mwaka 1986 kampuni ya Lancia tayari ilikuwa na Delta S4, gari lililounganisha supachaja na tabochaja pamoja na vipoza-hewa vyake, na ambalo lilikuwa limeshinda mashindano ya Uingereza mwishoni mwa mwaka 1985. Safari ilipowadia, Lancia ilileta gari lake la zamani, 037, lenye supachaja peke yake, na Markku Alén akamaliza wa tatu nalo. Delta S4 haikuwahi kushiriki Safari, kwani magari ya kundi B yalipigwa marufuku mwaka huo ulipokwisha.

Uwanda wa kati wenyewe una kumbukumbu kali zaidi kuhusu mashine zilizochaguliwa bila kuuliza ardhi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga huko Kongwa, mashariki ya Dodoma, kwa matrekta na mitambo mingi iliyokuwa mabaki ya vita. Udongo uligeuka mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, ukala majembe na kuchosha injini. Mwaka 1951 mradi ulifutwa kwa hasara ya mamilioni ya pauni. Kongwa haikuwa na uhusiano na intakula, lakini vumbi lililoingia katika mitambo ile ndilo lililopo leo katika barabara za udongo zinazoelekea vijiji vya Bahi na Chamwino, na ndilo linalojaa katika mapezi ya kipoza-hewa chochote kinachowekwa mbele ya gari.

Kutokana na historia hiyo, hali ya mmiliki wa gari dogo la supachaja katika Dodoma inaweza kuelezwa kwa hesabu. Chukuliwa gari kama MINI Cooper S lililotengenezwa kati ya 2001 na 2006, lenye injini ya lita 1.6 na supachaja ya Eaton. Tuseme supachaja huizidisha kanieneo ya hewa mara 1.8. Hewa ikiingia ikiwa na nyuzijoto 30 za Selsiasi, na pampu ya aina ya Roots ikifanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 55, hewa hutoka ikiwa na joto linalokaribia nyuzi 130. Uwiano huo haubadiliki sana kati ya Dar es Salaam na Chimwaga, kwa hiyo joto nalo halibadiliki sana. Kinachopungua ni wingi wa hewa, kwa asilimia 12. Na kwa kuwa hewa inayopita ndani ya intakula imepungua kwa kiasi kilekile ilichopungua ile inayoipoza kwa nje, intakula ya kiwandani hubaki na uwezo uleule iliokuwa nao pwani.

Matokeo ya hesabu hii huwashangaza wengi. Tuseme mmiliki ananunua intakula kubwa inayoshusha joto la hewa kutoka nyuzi 60 hadi 45. Wingi wa hewa utaongezeka kwa chini ya asilimia 5. Uwanda umechukua 12. Intakula hairudishi hata nusu. Anayenunua kipoza-hewa akitarajia kurudishiwa gari la pwani amenunua kitu ambacho hakikuwepo dukani.

Hatari huanza katika hatua inayofuata. Mmiliki anaitazama geji ya mbano, anaona inasoma chini ya ilivyosoma Dar es Salaam, na fundi anamshauri abadilishe puli ya supachaja kwa ndogo zaidi ili izunguke haraka. Ili kurudisha kanieneo ya pwani, uwiano wa mbano hulazimika kupanda kutoka 1.8 hadi takribani 2.05, na joto la hewa inayotoka katika pampu huongezeka kwa nyuzi kama 25. Sasa hewa ya ndani imerudi kuwa nyingi kama ya pwani, ilhali ile ya nje inayoipoza imebaki nyembamba. Intakula iliyotosha jana haitoshi leo. Injini huanza kugonga, na kugonga huko hutoboa pistoni. Kwa gari ambalo vipuri vyake haviuzwi katika kila duka la mjini, pistoni iliyotoboka yaweza kuliegesha gari kwa miezi. Hapa, na hapa tu, ndipo intakula kubwa inapogeuka kutoka anasa kuwa lazima.

Ni ipi basi? Ya mbele, inayofungwa nyuma ya bampa, hupata upepo mwingi barabara ya lami inapokuwa wazi, kama ile ya kwenda Morogoro. Lakini huiziba rejeta kwa sehemu, hurefusha mabomba, na ndiyo ya kwanza kupokea vumbi, majani na wadudu. Ya maji ndiyo iliyochaguliwa na Toyota kwa Celica za mashindano zilizotawala Safari mwanzoni mwa miaka ya 1990. Maji yake huzunguka katika mfumo uliofungwa, hivyo ukame wa Ugogo hauihusu, na hustahimili vizuri mwinuko mfupi unaopandwa polepole. Udhaifu wake ni pampu ya umeme: ikifa kimyakimya, dereva hupata habari kutoka kwa injini. Ya juu, iliyo kubwa kidogo kuliko ya kiwandani, huchota joto la injini gari linaposimama, na upepo wa tundu la boneti haufiki ikiwa sponji inayoziba nafasi kati ya boneti na kipoza-hewa imechakaa. Katika magari yenye umri wa miaka 20, sponji hiyo imechakaa mara nyingi, na kuibadilisha ni rahisi kuliko tengenezo lolote lililotajwa katika makala haya. BMW yenyewe, ilipotoa toleo la GP la gari hilo mwaka 2006, iliongeza ukubwa wa intakula lakini ikaiacha mahali pake, juu.

Kwa gari lenye puli ya kiwandani linalotumika kati ya mjini na Chimwaga, uzito wa ushahidi uko upande wa ile ya juu, yenye mapezi yaliyoachana kiasi cha kuruhusu vumbi lipite na kuoshwa kwa maji kutoka upande wa nyuma. Kwa gari lililobadilishwa puli, ya maji ndiyo yenye hoja. Katika hali zote mbili kipimo ni kilekile: vihisi viwili vya joto, kimoja kabla ya intakula na kimoja baada yake, gari lipandishwe kilimani mchana wa Oktoba baada ya kusimama dakika kumi na injini ikiwaka. Ikiwa kihisi cha pili hakijaanza kushuka gari linapofika juu, tatizo halimo katika ukubwa wa kipoza-hewa, bali katika upepo usiokifikia.