Amin Mbele ya Watazamaji Wake: Kutoka Paris hadi Mchesi

Katika madarasa yetu ya fasihi na utamaduni tumezoea kuuliza filamu inasema nini. Ni nadra sana kuuliza waliokaa kwenye mabenchi walisema nini ilipokwisha, au hata kabla haijesha. Makala haya yanafuatilia swali hilo la pili kwa kumtazama kiongozi mmoja, Idi Amin Dada, aliyeitawala Uganda tangu Januari 25, 1971 hadi Kampala ilipotekwa Aprili 11, 1979. Tumemchagua yeye kwa sababu filamu zinazomhusu zimetazamwa sana Afrika Mashariki, na pia kwa sababu inayotugusa sisi walimu: nchini Uganda Kiswahili kilibeba jina baya kwa miaka mingi, na jina hilo watu wengi hulihusisha na utawala wake.

Mtazamaji wa kwanza tunayetaka kumtaja ni Amin mwenyewe. Mwaka 1974 Barbet Schroeder alikwenda Uganda na wapiga picha wake, akamwachia rais nafasi ya kujionyesha apendavyo. Amin alichagua mengi ya kupigwa picha: anaendeshwa kwa mashua huku akizungumza na wanyama, anapanga vita vya kuigiza vya kuiteka miinuko ya Golan, anawakemea mawaziri wake kikaoni. Hata muziki wa kodiani unaosikika humo ni wake. Waziri wa Mambo ya Nje, Michael Ondoga, aliyelaumiwa kwenye kikao hicho, maiti yake ilionekana katika mto Nile muda mfupi baadaye.

Schroeder aliandaa matoleo mawili. Fupi, la kama saa moja, lilipelekwa Uganda na Amin akaridhika nalo. Refu lilionyeshwa Ulaya, likiwa na maelezo yaliyogusa mauaji. Amin alituma watu London wakaingia sinema, wakaandika kila neno lililosemwa, wakamrudishia. Hapo ndipo alipotoa amri yake. Wafaransa karibu 200 waliokuwa Uganda walikusanywa katika hoteli mjini Kampala, jeshi likaizunguka, nao wakapewa nambari ya simu ya Schroeder ili wamsihi akate sehemu zisizopendwa. Zilikuwa kama dakika mbili na nusu hivi. Schroeder alizikata, na akazirudisha baada ya Amin kuanguka. Katika historia yote ya uhakiki wa filamu hatujui mhakiki mwingine aliyepata kukamata watu 200 ili maoni yake yasikilizwe.

Watazamaji wa Ulaya, kwa upande wao, walicheka. Walicheka sana Kiingereza chake, na kicheko hicho hatukipendi, kwa kuwa kilifanya mauaji yaonekane kama kichekesho cha mtu asiyejua sarufi. Amin aliingia jeshi la King's African Rifles mwaka 1946, na Kiswahili cha jeshi kilikuwa chombo chake cha kazi kwa miaka mingi kabla hajawa rais. Alizungumza pia Kinubi na Luganda, miongoni mwa lugha nyingine. Mtu huyu hakukosa maneno. Aliyemsikia akizungumza lugha alizozimudu hakumwona mjinga, na labda ndiyo maana watu wa nyumbani walimwogopa mapema kuliko wageni walivyomwogopa.

Filamu ya pili ilitoka Kenya. Sharad Patel aliitengeneza mwaka 1981, miaka miwili tu baada ya vita, na Joseph Olita, mwigizaji wa Kenya, akaigiza Amin. Filamu hii ya kuanguka kwa Amin haikuwa na haya. Ilionyesha vichwa vya watu kwenye jokofu, ikaonyesha rais akila nyama ya binadamu, jambo ambalo halijathibitishwa hadi leo. Hata hivyo ilipendwa mno, na kanda zake za video zilizunguka Afrika Mashariki nzima. Vijana wengi waliozaliwa baada ya 1979 walimjua Amin kwa uso wa Olita kabla hawajaona picha ya Amin mwenyewe. Olita naye alibaki na jina hilo hadi alipofariki mwaka 2014, na hata mwaka 1991, katika filamu ya Mira Nair inayoanza na kufukuzwa kwa Waasia, Amin anayeonekana kidogo ni yuleyule Olita. Kwa maoni yetu hii ndiyo filamu iliyojenga Amin wa mitaani, Amin wa hadithi za jioni, kuliko kitabu chochote.

Tofauti ilikuja na filamu ya tatu. Kevin Macdonald alipiga picha zake Uganda kwenyewe, akitumia riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998, na filamu ikatoka mwaka 2006. Forest Whitaker alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi hiyo, akajifunza kupiga kodiani, akakutana na ndugu na maofisa waliomjua Amin. Februari 2007 filamu ilionyeshwa rasmi Kampala, Rais Museveni akahudhuria, na baadaye mwezi huohuo Whitaker akapata tuzo ya Oscar.

Kampala haikuipokea kwa sauti moja. Wapo waliofurahi kuona mji wao na waigizaji wao, kama Abby Mukiibi na Stephen Rwangyezi, kwenye filamu ya dunia. Wapo waliocheka utani wa Amin na kushangaa kwamba wanamcheka. Wengine waliuliza kwa nini historia ya Waganda isimuliwe kupitia daktari kijana wa Uskoti, Nicholas Garrigan, ambaye hakupata kuwapo. Swali hilo ni la haki. Linakuwa zito zaidi tukifikia kifo cha Kay, mke wa Amin. Katika filamu Kay anapendana na Garrigan, kisha anauawa na mwili wake kukatwakatwa kwa amri ya mumewe. Kay Adroa halisi alifariki mwaka 1974, baada ya kutalikiwa, na mwili wake ulikutwa umekatwa. Lakini daktari aliyehusishwa na mkasa ule alikuwa Mganda, Mbalu-Mukasa, naye alijiua wakati huohuo. Wanaoeleza habari hiyo kwa kawaida huitaja mimba iliyotolewa vibaya. Kumweka Mzungu wa kubuni mahali pa Mganda aliyekufa si kosa dogo la tarehe. Ni kumnyang'anya mtu msiba wake.

Familia ya Amin nayo ilikuwa na la kusema. Jaffar Amin, mmoja wa wanawe, alijitokeza hadharani kuitetea kumbukumbu ya baba yake. Yapo maeneo ya Uganda ambako utetezi huo husikilizwa, na yapo mengine, hasa kwa Waacholi na Walango ambao askari wao waliuawa kwa wingi mara baada ya mapinduzi ya 1971, ambako haukubaliki kabisa. Idadi ya waliouawa katika utawala ule hukadiriwa kuwa laki moja hadi laki tano, na kinachotajwa zaidi ni laki tatu. Ukumbi mmoja wa sinema unaweza kuwa na watoto wa pande zote mbili wakitazama uso uleule wa Whitaker.

Sasa turudi kwenye lugha. Mwaka 1973 Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, baada ya wawakilishi wa wilaya kukutana na wilaya 12 kukichagua Kiswahili dhidi ya 8 zilizotaka Luganda. Kwa hesabu ya kura, hoja ilikuwa imekwisha. Kwa hesabu ya masikio ya raia, ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, kwani Kiswahili walichokijua wengi kilikuwa cha askari anayegonga mlango usiku. Mwaka 1979 kikaja Kiswahili kingine, cha wanajeshi wa Tanzania, ambao raia waliwaita bakombozi, neno la Kiswahili lililovikwa kiambishi cha Luganda. Hivyo lugha moja ililetwa mlangoni na watu wawili waliopigana wao kwa wao. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwalimu anayeingia darasani Uganda leo bado hukutana na mzazi mwenye kumbukumbu ya mlango uliogongwa.

Haya tuliyajua vitabuni. Tuliyaona upya tulipoitazama filamu ya mwaka 2006 pamoja na wanafunzi wetu na jirani zao huko Malawi, kwanza katika mtaa wa Mchesi jijini Lilongwe, baadaye katika makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa. Wengi wao wanatoka mashariki ya Kongo na Burundi, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Hatukuwa na mfasiri wa filamu wa aina ya Lufufu wa Tanzania au wale maarufu wa vibanda vya video vya Kampala. Aliyejua Kiingereza alimweleza asiyejua, na mara nyingi alimweleza zaidi ya kilichosemwa.

Whitaker alipotamka Kiswahili, kicheko kilikuwa kikubwa. Tulidhani wanacheka matamshi. Mama mmoja wa Uvira alitusahihisha. "Mwalimu, hapana. Anakisema vizuri. Hicho ni Kiswahili cha baryeri." Baryeri, kwa wasomaji wasiokijua Kiswahili cha Kongo, ni kizuizi cha barabarani ambapo wenye silaha husimamisha magari. Tukamwomba aeleze, akaeleza kwa vitenzi vitupu: leta, toka, fungua, kaa chini. Hakuna naomba, hakuna tafazali, hakuna ulete. Katika somo la sarufi sisi huuita mtindo huu hali ya kuamuru na kuupitia kwa dakika kumi. Mama yule alikuwa ameuishi kwa miaka, na aliutambua katika kinywa cha Mmarekani.

Mzee mmoja Mmalawi, jirani wa Mchesi, alicheka kidogo kuliko wote. Amin alipolakiwa kwa ngoma, yeye alianza kueleza habari za mbumba, yaani kinamama waliovaa vitambaa vya chama na kumchezea Kamuzu Banda kila alikokwenda. Kwake filamu ilikuwa ya Malawi. Banda, rais wa maisha tangu 1971, alikuwa na bodi ya ukaguzi iliyoamua Mmalawi atazame nini, chini ya sheria ya mwaka 1968, na filamu ya kumcheka rais yeyote isingeonyeshwa kirahisi. Mzee akatukumbusha jambo ambalo wanafunzi wetu wengi hawakulijua: Dzaleka ilikuwa gereza la wapinzani wa Banda kabla ya kupokea wakimbizi mwaka 1994, mwaka uleule Banda aliposhindwa uchaguzi. Kijana wa Bukavu aliyekuwa amekaa pembeni yake akauliza, "Babu, kwa hiyo tunalala gerezani?" Mzee hakumjibu.

Amin wa Whitaker anapendeza. Hilo limelalamikiwa na wahakiki wengi, na mwanzoni sisi pia tulikuwa upande wao. Lakini watazamaji wa Mchesi hawakuona ubaya. Walisema mkubwa wa askari akikutania ndipo unapotakiwa kuogopa zaidi, kwa sababu hujui utani utaisha lini. Amin wa Patel aliye na vichwa kwenye jokofu hawakumwogopa hata kidogo. Baadhi yao walikuwa wameiona filamu hiyo utotoni na waliikumbuka kama kichekesho.

Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi Dzaleka, kambi iliyokusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000 na ambayo tayari ilikuwa na zaidi ya 50,000. Maduka ya wakimbizi mijini, pamoja na Mchesi, yalifungwa. Tuliporudi kuitazama filamu Dzaleka baada ya hapo, baadhi ya waliokuwa nasi mara ya kwanza walikuwapo, ila mazungumzo yalihamia mahali pengine kabisa. Mara ya kwanza sehemu ya kufukuzwa kwa Waasia ilipita bila neno. Safari hii ilibidi tuisimamishe.

Katika filamu kuna fundi wa nguo wa Kihindi anayeambiwa aondoke. Baadaye mambo yanapoharibika, Amin anamlaumu daktari wake kwa kutomshawishi aache uamuzi ule. Vijana walibishana kuhusu lawama hiyo, wengine wakimwona Amin mjanja, wengine wakimwona mtoto. Mtu mzima mmoja aliyewahi kuwa na duka Mchesi hakujiunga na ubishi. Aliuliza, "Mwalimu, hawa walipewa siku ngapi?" Tukamwambia Agosti 1972 Amin alitoa siku tisini. Akauliza tena kama mali zao zilirudi. Tulilazimika kuiacha filamu na kueleza sheria ya Uganda ya mwaka 1982 ya kurudisha mali zilizotwaliwa, na jinsi kazi yenyewe ilivyofanyika hasa miaka ya 1990, wakati wengi wa wenyewe walikuwa wamekwisha kukaa Uingereza na Kanada kwa karibu miaka ishirini, na wengine wamekufa. Aliuliza ni karatasi gani walizotakiwa kuonyesha. Watu wanne au watano walisogea karibu kusikia jibu.