"Amesema Bayhaqi": Katika Kitabu Gani?

Miongoni mwa visa ambavyo vitabu vya tarajuma vimetuhifadhia kuhusu wanazuoni wa Misri katika zama za mwisho za utawala wa Mamluki, kimo kimoja ambacho kila anayeandika makala ya kielimu anafaa akijue. Ni kisa cha mashtaka juu ya rejea.

Mshitaki alikuwa Hafidh Jalaluddin as-Suyuti (aliyefariki mwaka 911 Hijria/1505 Miladia). Mshitakiwa alikuwa Shihabuddin al-Qastallani (aliyefariki 923/1517), mwenye Irshad as-Sari, sherehe ya Sahih al-Bukhari, na al-Mawahib al-Ladunniyya katika sira ya Mtume (s.a.w.). Aliyesikiliza shauri ni Sheikhul-Islam Zakariyya al-Ansari (aliyefariki 926/1520), huyu huyu ambaye wanafunzi wa fiqhi ya Kishafii wanamjua kwa Fat-h al-Wahhab.

Ibn al-Imad anaeleza katika Shadharat adh-Dhahab kwamba Suyuti alidai Qastallani anachota katika vitabu vyake wala havitaji. Sheikh akamtaka abainishe dai lake. Suyuti akahesabu mahali kadhaa ambapo Qastallani amenukuu kutoka kwa Bayhaqi, kisha akauliza: Bayhaqi ana vitabu vingi, basi na atueleze ibara hizi amezikuta katika kitabu kipi. Kwa maneno ya Suyuti, Qastallani aliiona nukuu hiyo imo katika vitabu vyake yeye Suyuti, akaibeba kama ilivyo. Lililompasa ni kusema kwamba Suyuti amenukuu kutoka kwa Bayhaqi.

Inasimuliwa pia kwamba baadaye Qastallani alikwenda mpaka Rawda, kisiwa cha mto Nile ambako Suyuti alikuwa amejitenga na watu, akiwa miguu mitupu na kichwa wazi, akabisha hodi ili amridhishe. Suyuti akamjibu kutoka ndani kwamba moyo wake umeridhika. Mlango hakuufungua.

Yafaa tuwe waadilifu hapa. Ibn al-Imad amekileta kisa kwa neno "inasimuliwa", na jibu la Qastallani mbele ya Sheikh halimo katika maelezo hayo. Isitoshe, Suyuti mwenyewe alituhumiwa jambo la aina hiyo hiyo. As-Sakhawi (aliyefariki 902/1497) aliandika katika ad-Daw' al-Lami' kwamba Suyuti alichukua vitabu vya kale vya maktaba ya Mahmudiyya, akabadilisha kidogo, akajinasibishia. Suyuti akamjibu kwa risala kali aliyoiita al-Kawi, yaani mwenye kuchoma kwa chuma cha moto. Na Qastallani alikuwa miongoni mwa waliosoma kwa Sakhawi. Kwa hiyo palikuwa na uhasama wa marika na wa vilinge ndani yake, na hatuna haja ya kumhukumu yeyote kati yao, Allah awarehemu wote.

Linalotuhusu ni hoja yenyewe, kwani inasimama hata kama mshitakiwa hakuwa na kosa. Tazama vizuri: Suyuti hakudai kwamba maneno ni ya uongo. Bayhaqi (aliyefariki 458/1066) aliyasema kweli. Hakudai pia kwamba maneno ni yake yeye. Basi kilichoibiwa ni nini?

Tunavyoona sisi, jibu limo katika elimu ya Hadithi, ambayo wote watatu walikuwa mabingwa wake. Maulamaa wa Hadithi wana jina la kitendo cha mpokezi kumwangusha aliyemsikilizisha na kuruka hadi kwa aliye juu yake, kwa kutumia tamko lenye utata kama "kutoka kwa fulani" au "amesema fulani". Jina hilo ni tadlisi. Mwenye tadlisi hasemi "nimemsikia", kwani hapo angekuwa muongo wa wazi. Anamwachia msikilizaji adhanie. Imamu Shafii katika ar-Risala ameweka sharti kwamba anayejulikana kufanya hivyo hata mara moja, hapokelewi ila akitamka wazi kuwa amesikia au amehadithiwa. "Amesema Bayhaqi" bila ya kutaja kitabu ni tamko la namna hiyo. Ni kweli, na linaficha njia.

Na njia ikifichwa, anayedhurika ni msomaji kuliko hata Suyuti. Tuchukulie nakala ya Suyuti ilikuwa na neno lililoponyoka. Wa pili akilibeba kosa hilo na kuandika "amesema Bayhaqi", msomaji ataona mashahidi wawili waliosoma asili, wakaafikiana. Ukweli ni kwamba shahidi ni mmoja, na mwengine ni mwangwi wake. Kosa limepata ushahidi ambao halikuustahiki, na katika fiqhi ibara moja iliyopungua "si" hugeuza hukumu.

Leo jambo hili limekuwa jepesi zaidi kufanyika. Tangu programu ya al-Maktaba ash-Shamila ilipoenea katika miaka ya 2000, mtu anatafuta neno, inamjia ibara pamoja na juzuu na ukurasa wa chapa ambayo hajapata kuishika mkononi, naye anaandika tanbihi kana kwamba alikuwa nayo mezani. Makala nyingi zinazotufikia zina tanbihi za namna hii. Dawa yake ni ile aliyoitaja Suyuti: kama umeipata kwa Shawkani, andika "Ibn Hajar, kama alivyonukuliwa na Shawkani", kisha utaje kitabu na ukurasa wa Shawkani. Hakuna aibu katika hilo. Na aliyesoma katika programu aseme amesoma humo.

Kutaja kitabu peke yake pia hakutoshi. Musnad wa Imamu Ahmad ulichapishwa Cairo mwaka 1313/1895-96 katika juzuu 6, na fahirisi kubwa ya matamko ya Hadithi iliyoanzishwa na Wensinck huko Leiden, juzuu zake 7 za matini zikitoka kati ya 1936 na 1969, inaelekeza kwenye juzuu na kurasa za chapa hiyo. Chapa ya Muassasat ar-Risala ya Beirut, chini ya usimamizi wa Shuayb al-Arnaut, ina juzuu 50. Kwa hiyo "Ahmad, 4/126" ni anwani mbili tofauti. Wahakiki wa Beirut walilijua hili, wakaziweka kurasa za chapa ya zamani pambizoni. Sahih Muslim nayo, kwa hesabu ya Muhammad Fuad Abdul-Baqi, ina Hadithi 3,033. Wanaohesabu na zilizokaririwa wanavuka 7,000. Namba bila ya jina la aliyehesabu inampoteza msomaji. Tunaomba mwandishi ataje kitabu, mlango, namba, na chapa aliyoitumia; mlango haubadiliki sana, na mara nyingi ndio unaotuokoa namba zinapogongana. Kwa zile chapa za zamani zisizo na mwaka, iandikwe "haina tarehe", na mwaka usikisiwe.