Zimwi Lililo Ndani ya Nyumba: Karne Moja ya Kihachiro Kawamoto

Karne nzima ilitimia Januari 11, 2025, tangu azaliwe katika mtaa wa Sendagaya, jijini Tokyo, Kihachiro Kawamoto, fundi wa vikaragosi ambaye filamu zake fupi za kutisha, hata iliyo ndefu kabisa kati yake haifiki dakika 20, zinastahili safu ya mbele katika sanaa ya Japani, lakini aghalabu hukumbukwa mwishoni, baada ya majitu ya chuma na mabinti wenye macho makubwa ambao ndio biashara na fahari ya nchi ile mbele ya walimwengu.

Ufundi wa kutengeneza wanasesere alifunzwa na bibi yake tangu utotoni. Alisomea usanifu wa majengo, akaingia mwaka 1946 katika kampuni ya filamu ya Toho, idara ya mandhari, akakutana huko na migogoro ya wafanyakazi ambayo kilele chake kilikuwa Agosti 1948, pale polisi walipoiendea studio iliyokaliwa na wagomaji huku wakisindikizwa na vifaru vya jeshi la Marekani. Na mwaka 1950 yeye pia akapoteza kazi. Hasara ile iligeuka heri, kwani alirudi kwenye wanasesere, akawa akiwapanga wapigwe picha kwa ajili ya vitabu vya watoto pamoja na mwandishi Tadasu Iizawa, kisha akajifunza kwa Tadahito Mochinaga namna ya kuwafanya watembee kwenye filamu. Mkate wake wa kila siku ulitoka katika matangazo ya biashara, ya bia na mengineyo, kwa sababu televisheni ilikuwa changa na yenye njaa.

Hapa ndipo inapoingia safari ambayo mwenyewe hakuchoka kuisimulia, nasi tunaifuata kama alivyoisimulia. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini aliitazama filamu ya Jiri Trnka, bingwa wa vikaragosi wa Chekoslovakia, iliyotokana na kisa cha Andersen cha mfalme wa China na ndege wake mwimbaji, na tangu siku ile hakutulia. Alimwandikia bingwa yule barua, akajibiwa. Na mwaka 1963, ilhali Mjapani wa kawaida alikuwa bado haruhusiwi kusafiri ng'ambo kwa matembezi yake, kwani mlango huo ulifunguliwa Aprili 1964, Kawamoto akafika Prague, umri wake miaka 38, awe mwanafunzi upya. Alikwenda kutafuta siri ya maungo: jinsi mifupa ya chuma inavyounganishwa kwa viungo vya duara ili mkono wa mwanasesere, ukisogezwa kidogo kidogo kwa picha 24 za kila sekunde, usimame pale ulipoachwa bila kutetereka. Hayo alifundishwa. Lakini nasaha aliyopewa na Trnka ilikuwa nyingine kabisa, nayo ni kwamba arejee kwao, akachote katika hazina ya tamthilia za nchi yake, yaani Noh, Kabuki na Bunraku, badala ya kuiga ya Ulaya.

Nasaha hiyo ilikuwa na mantiki kuliko inavyodhaniwa. Vikaragosi vya Trnka havikubadilishwa nyuso. Uso ulichorwa mara moja tu, na huzuni au furaha yake ikaletwa na mwanga na namna kichwa kilivyoelekezwa. Mchezaji wa Noh naye huvaa barakoa ya mti isiyogeuka, lakini akiiinua kidogo uso hung'aa kama uliopata faraja, na akiiinamisha kivuli hushuka chini ya paji la uso, mtazamaji akaapa kwamba ameona machozi. Alichokifuata mwanafunzi Prague kilikuwa kimemngoja kwao kwa muda wa karne sita.

Aliporudi alianza na kichekesho, mwaka 1968, cha mtawa na mwanafunzi wake wanaolinda mti wa maua. Kicho kilikuja mwaka 1972, katika filamu ya dakika 8 tu iitwayo Oni, maana yake zimwi, iliyotokana na mkusanyo wa hadithi za kale, Konjaku Monogatari. Wasasi wawili, ndugu wa tumbo moja, wamemwacha mama yao mkongwe nyumbani, wakaenda msituni usiku. Mkono ukatoka gizani juu ya mti, ukamkamata mmoja wao kwa nywele. Ndugu yake akafyatua mshale, mkono ukakatika, ukaanguka. Wakautazama vizuri, wakautambua. Walipofika nyumbani walimsikia mama yao mgonjwa chumbani, akiguna. Hakuna asemaye katika filamu hiyo. Mna ala ya nyuzi, shamisen, inayolia, na nyuma ya vikaragosi mna weusi ulionakshiwa dhahabu kama sanduku la thamani. Sisi husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kawamoto anatuonyesha zimwi lililokunyonyesha, na hana hakika kama litabakiza kitu.

Mwaka 1976 akatoa Dojoji, dakika 19, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kilele chake. Mtawa kijana yumo njiani kwenda ziara ya Kumano. Mwanamke mwenye nyumba alimolala akamwangukia kwa mahaba. Mtawa, badala ya kukataa kiume, akaahidi kurudi, kisha akamkwepa. Mwanamke akamfuata mbio hadi mto Hidaka, akakosa chombo cha kumvusha, akajitosa, na majini humo akageuka joka. Mtawa akafichwa chini ya kengele kubwa ya hekalu la Dojoji. Joka likaizunguka kengele, likaichoma kwa moto wa ghadhabu hata aliyekuwamo akawa majivu. Hekalu lenyewe lipo hadi leo mkoani Wakayama, na makasisi wake huwasimulia wageni kisa hiki wakikunjua picha ndefu. Kawamoto hakumfanya yule mwanamke mwovu. Anamwonyesha akikimbia, nywele zikifumuka, na unamwonea imani hata baada ya magamba. Filamu ya 1979, Kataku, ya binti aliyependwa na wanaume wawili akajitosa mtoni, na bado akaunguzwa akhera kwa mapenzi ambayo hakuyaomba, ilifuata njia hiyo hiyo.

Filamu za namna hii hazikuwa na soko. Kuanzia 1972 yeye na sahibu yake Tadanari Okamoto waliandaa maonyesho yao wenyewe, vikaragosi vya jukwaani na filamu kwa pamoja. Okamoto alipofariki mwaka 1990, akiwa ameacha nusu nusu filamu ya kisa cha Kenji Miyazawa kuhusu mkahawa unaowapika wateja wake, ni Kawamoto aliyeikamilisha mwaka uliofuata.

Yaliyobaki tuyapitie kwa haraka: vikaragosi vya kisa cha Kichina cha Falme Tatu kwa televisheni ya NHK kuanzia 1982, vilivyompa jina kwa umma, filamu ya Fuyu no Hi ya 2003, iliyowakusanya wasanii 35, filamu ya Shisha no Sho ya 2005, mauti, Agosti 23, 2010. Mji wa Iida, katika mkoa wa Nagano, ambao una jadi yake ya vikaragosi, ulimjengea makumbusho mwaka 2007, naye yu hai, heshima ambayo jiji lake la kuzaliwa lilichelewa kumpa, kwani ukumbi wa vikaragosi vyake huko Shibuya, Tokyo, ulifunguliwa mwaka 2012, yeye akiwa kaburini. Na hata humo Shibuya waliopewa nafasi ya mbele ni majemadari wa Falme Tatu na wapiganaji wa kisa cha Kijapani cha Heike, walioonekana katika televisheni; mwenye kumtaka mama wa Oni itambidi amtafute mwenyewe.