Ukarabati wa kielekeza upepo cha bustani

Kielekeza upepo ni chombo kinachozunguka juu ya ekseli iliyosimama wima na kuonyesha upande unakotoka upepo. Kile cha bustani mara nyingi huwa jogoo, farasi au jahazi lililokatwa katika bati la chuma. Chini yake huwa pana mshale, na chini ya mshale mikono minne yenye herufi za pande za dunia. Kikiharibika, karibu kila kinachohitajika kukitengeneza hupatikana jikoni, stoo au kwa fundi baiskeli.

Chombo chenyewe ni cha kale. Juu ya Mnara wa Pepo mjini Athens, uliojengwa na mwanafalaki Andronikos wa Kyrrhos kabla ya Kristo, palikuwa na sanamu ya shaba iliyozunguka na kuelekeza fimbo yake kwenye upepo. Jogoo wa Brescia nchini Italia, wa karne ya 9, ndiye anayehesabiwa kuwa mkongwe zaidi kati ya majogoo ya aina hii yaliyosalia. Kwa habari za ukarabati anayestahili kutajwa ni panzi wa shaba aliyefuliwa na Shem Drowne mwaka 1742 kwa ajili ya jengo la Faneuil Hall, Boston. Tetemeko la mwaka 1755 lilimwangusha, akatengenezwa na kurudishwa juu ya paa.

Ili mshale ufuate upepo, mambo mawili yanayoonekana kupingana lazima yawepo pamoja. Uzito uwe sawa pande zote mbili za ekseli, lakini eneo la bati lisiwe sawa: mkia uwe mpana kuliko kichwa. Upepo husukuma upande mpana hadi ujifiche nyuma, na kichwa hubaki kikiutazama upepo. Matengenezo mengi ya nyumbani huharibikia hapa. Mtu hubandika mkia mpya mzito bila kuongeza chochote kichwani, ekseli ikalemewa upande mmoja, na chombo kikawa kinasubiri dhoruba ndipo kigeuke.

Kabla ya kufungua chochote, yafaa kutazama kilipowekwa. Vituo vya hali ya hewa hupima upepo kwenye kimo cha mita 10, mahali pa wazi, mbali na kizuizi chochote kwa angalau mara 10 ya kimo cha kizuizi hicho. Kielekeza upepo kilichosimama mita 2 kutoka ardhini kando ya ukuta hupata upepo uliovurugika, nacho huzunguka ovyo hata kikiwa kizima kabisa. Hicho huhamishwa tu.

Kikigoma kuzunguka, kosa karibu siku zote liko kwenye ekseli, si kwenye jogoo. Mfumo wa kawaida ni bomba fupi lililozibwa juu, lililovikwa kwenye chuma chembamba. Maji huingia kwa chini, kutu hujaa ndani, na vyuma viwili hung’ang’aniana. Bomba lisivutwe kwa nguvu, maana hung’oka pale lilipochomelewa. Hutiwa mafuta mepesi ya cherehani, likaachwa usiku kucha, kisha likageuzwa kidogo kidogo kushoto na kulia mpaka litoke. Chuma husuguliwa kwa msasa. Ndani ya bomba hupitishwa kipande cha msasa kilichozungushiwa kijiti. Kutu nene huloweshwa kwenye siki kwa saa kadhaa, kisha chuma husuuzwa kwa maji yenye magadi na kukaushwa papo hapo, la sivyo kutu mpya huanza siku hiyo hiyo. Bati la mabati lisilowekwe, kwani siki hula zinki inayolilinda.

Ndipo inapofaa gololi. Gololi ya chuma ikiwekwa ndani ya bomba, kati ya kizibo cha juu na ncha ya ekseli, uzito wote hukaa juu ya nukta moja na msuguano hupungua sana. Gololi za ekseli ya nyuma ya baiskeli nyingi zina kipenyo cha takriban milimita 6.35. Iingie bila kubana, wala isiwe ndogo kiasi cha kuteleza pembeni. Kulainisha, grisi kidogo au mafuta ya mgando yanatosha. Mafuta ya kupikia yasitumike: huonekana kufaa wiki ya kwanza, kisha hukauka na kunata kama gundi.

Mkia uliooza hukatwa upya kutoka kwenye kopo la rangi au sufuria kuukuu ya alumini, ukafungwa kwa ribiti au kwa skrubu ndogo na nati. Alumini au shaba ikigusana na chuma penye unyevu, moja ya metali hizo huliwa haraka, kwa hiyo kati yake huwekwa kipande cha mpira wa tyubu. Baada ya hapo mshale hulazwa juu ya ukingo wa rula. Ukitulia mahali pa bomba, uzito ni sawa. Mkia ukizidi, chubwi la mvuvi au nati chache hufungwa karibu na kichwa.

Rangi ni ya mwisho, ingawa wengi huanza nayo. Rangi ya zamani yaweza kuwa na risasi, hivyo husuguliwa ikiwa imeloweshwa, mbali na watoto na kuku. Hufuata rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya mafuta mara mbili, bila kugusa ekseli. Shaba yenye ukungu wa kijani haisuguliwi wala haipakwi ndimu au ukwaju, maana kijani hicho ndicho ngozi inayoilinda.

Herufi hupangwa baada ya mlingoti kusimikwa. Dira ya simu hudanganywa na chuma, basi kaskazini hupimwa hatua kadhaa kutoka kwenye mlingoti, mstari ukachorwa ardhini, na mkono wa kaskazini ukalinganishwa nao. Katika pwani ya Afrika Mashariki msimu wenyewe huthibitisha kazi: mwezi Januari, wakati wa kaskazi, mshale kwa kawaida huelekea kaskazini-mashariki, na mwezi Julai, wakati wa kusi, huelekea kusini au kusini-mashariki.