Kutonesha kidonda: nahau ya Kiingereza na kasri la Kamukuzi

Waingereza husema mtu ame-"touch a raw nerve" pale neno lake linapoamsha hisia kali kwa msikilizaji. Kulitafsiri kuwa kugusa mshipa wa fahamu hakumsaidii msomaji. Kiswahili kina nahau yake, kutonesha kidonda. Si sawa na kuchokoza. Mchokozi hukusudia ugomvi, ilhali anayetonesha hukuta jeraha lipo tayari, na pengine hakulijua.

Kamukuzi, mjini Mbarara, palikuwa na kasri la Omugabe, mfalme wa Ankole. Falme za Uganda zilifutwa mwaka 1967. Mwaka 1993 Buganda, kwa mfano, ilirejeshewa mfalme wake. Novemba mwaka huo Mwanamfalme John Barigye naye akatawazwa Ankole, lakini serikali ikabatilisha. Wanaotaka ufalme urudi huona wamenyimwa urithi walichopewa wenzao. Wapo Wairu ambao kiti hicho huwakumbusha enzi za kutawaliwa na Wahima. Mgeni akiuliza tu, "Mfalme wenu atarudi lini?", huwatonesha wote wawili, kisha akashangaa amekosea wapi.