Simba wa Palmyra, mlinzi wa waliokimbia

Tukisikia kuna sanamu ya simba mlangoni, wengi wetu tunawaza mfalme na vitisho. Na ni kweli, sehemu nyingi ilikuwa hivyo. Kule Babeli, katika Iraki ya leo, kuna simba wa jiwe jeusi amesimama juu ya mtu aliyelala chini. Hapo hauhitaji mkalimani: ukileta ubishi, utakanyagwa hivi. Wachina nao huweka simba wawili wa mawe mlangoni, dume amekanyaga mpira na jike yuko na mtoto wake, ili mabaya yasiingie ndani. Lakini leo nawaletea simba wa Siria, ambaye naona anatuhusu sisi zaidi.

Simba huyu alikuwa Palmyra, mji wa jangwani ambao Waarabu wanauita Tadmur. Mji ule ulitajirika kwa misafara ya ngamia iliyopitisha bidhaa kati ya mashariki na bahari ya Mediterania. Watu wake waliabudu miungu mingi, na mmoja alikuwa mungu wa kike aitwaye Allat. Katika karne ya 1 kabla ya Kristo waliweka mlangoni mwa hekalu lake simba wa mawe ya chokaa, mwenye kimo cha karibu mita 3.5 na uzito wa tani kama 15.

Sasa mwangalie miguuni. Katikati ya miguu yake ya mbele kuna swala, ametulia tu. Simba hamli, amemkinga. Na kwenye mguu wa kushoto kuna maandishi ya lugha yao, yanayosema kwamba Allat ambariki mtu asiyemwaga damu mahali hapo patakatifu. Ndiyo maana wataalamu wanamwona swala yule kama mfano wa mtu aliyekimbilia hekaluni. Zamani zile, kwenye nchi nyingi za upande ule, mtu aliyefukuzwa na watu wa kisasi aliweza kuingia mahali patakatifu, na ilikuwa mwiko kumgusa humo. Wasomaji wa Biblia watakumbuka ile miji 6 ya makimbilio.

Kiswahili chetu kina maneno mawili hapa: kukimbia na kukimbilia. Sisi wanatuita wakimbizi, yaani watu waliokimbia kitu. Simba wa Palmyra anasimamia upande wa pili, mahali pa kukimbilia.

Miaka mingi alikuwa amevunjika chini ya ardhi. Mwaka 1977 wataalamu kutoka Poland, wakiongozwa na Michał Gawlikowski, walimpata vipande vipande, wakamuunga, akawekwa mbele ya makumbusho ya Palmyra. Vita vya Siria vilipokuja, wakamfunika kwa mabati na magunia ya mchanga. Haikusaidia. Mwezi wa 5 mwaka 2015 wapiganaji wa Dola la Kiislamu waliuteka mji, na mwishoni mwa mwezi wa 6 wakamvunja. Mwezi wa 8 wakamuua Khaled al-Asaad, mzee wa zaidi ya miaka 80 aliyesimamia mambo ya kale ya Palmyra karibu miaka 40. Mji wenye jiwe linalosema usimwage damu, damu ikamwagika.

Mwaka 2017 vipande vilipelekwa Damasko, wataalamu wa Poland wakamuunga tena, na leo yuko kwenye makumbusho ya taifa. Kumbe hata yeye amehamishwa kwao, kama Wasiria zaidi ya milioni 5 waliovuka mipaka.

Kwa hiyo jiwe peke yake halilindi mtu. Kinacholinda ni watu kukubaliana. Afrika tuna makubaliano yetu, yaliyotiwa saini Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969. Yanasema kumpokea mkimbizi ni tendo la amani na la utu, na nchi nyingine isilihesabu kuwa uadui. Lakini yanasema pia kwamba mkimbizi asifanye vurugu dhidi ya nchi yoyote mwanachama. Yaani neno la simba linawahusu walioko nje ya mlango, na sisi tulioko ndani pia. Tunajua jinsi ugomvi wa nyumbani, wa kabila na wa nani alimuua nani, unavyotufuata mpaka kwenye foleni ya maji. Tukiuacha uingie, hakuna polisi wala shirika litakaloifanya kambi iwe makimbilio.

Ndugu zangu, kwenu nyumbani palikuwa na mahali ambapo mtu akikimbilia haguswi? Msitu, nyumba ya chifu, kanisa, msikiti? Waulizeni wazee kabla hawajaondoka na habari hizo, halafu mtuandikie.